Bunduki ni yangu, uwanja wa ndege wakampa mume wangu

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio na raha na mlio na stress kama mimi.

Hii stori nimekaa nayo wiki tatu nikingoja hasira ipoe ndio niandike kwa adabu. Haijapoa. Naandika hivyo hivyo.

Ni kweli tupu, naapa kwa kaburi la baba yangu. Nilichobadili ni majina tu. Wakili amenikataza kutaja shirika la ndege, na pia mji wa bara niliokuwa naenda, kwa hivyo msinisumbue inbox.

Kwanza tuelewane. Mimi ni mwanamke. Nina miaka arobaini na tatu, nalima mahindi, pojo na kunde Mbololo, karibu na Voi, na nina bunduki. Shotgun.

Si ya mume wangu. Si ya kaka yangu. Ni yangu, na leseni ina jina langu na picha yangu nikiwa nimenuna.

Kama watu wawili tu wangesoma hiyo leseni vizuri siku ile, leo nisingekuwa hapa nawapigia kelele.

Hiyo bunduki ilikuwa ya baba. Shamba letu liko njiani kwa ndovu, wanatoka mbugani wanashuka kutafuta maji, wakifika kwetu wanaona mahindi. Baba alikuwa anapiga hewani mara mbili, wanageuka. HEWANI, jameni, kabla hamjaanza. Hakuna mnyama amewahi kuguswa kwetu.

Na tafadhali msiniletee ile methali ya ndovu wakipigana ziumiazo ni nyasi. Wetu hawapigani. Wanakula.

Baba alipofariki, kaka zangu wote wako mjini na hakuna aliyetaka shamba. Nikabaki mimi. Kuhamisha leseni kuja kwa jina langu kulinichukua miaka miwili. Barua ya chifu, alama za vidole, daktari wa kuthibitisha sina wazimu, mahojiano juu ya mahojiano. Mmoja wao akaniuliza, "Mama, kwani bwana yuko wapi?"

Nikamwambia bwana yuko shule anafundisha hesabu, na ndovu akija haulizi mwalimu yuko wapi.

Kwa hivyo mnaona mambo yalivyo. Leseni ikienda, bunduki inaenda. Bunduki ikienda, shamba ni la ndovu. Na shamba ndilo linatulisha mimi, mume wangu na watoto watatu.

Sasa kuna kitu kingine lazima niwaeleze, maana ndicho kiliniponza.

Kwetu geti halifunguliwi kabla ya jua kutoka kama huna risasi mbili mfukoni. Hiyo ilikuwa sheria ya baba. Tunaziita mbili za geti. Unazitia mfukoni, unabeba bunduki, unasimama, unasikiliza, ndio unafungua. Jirani yetu mmoja alifungua lake akiwa na tochi tu. Tulimzika Jumamosi.

Kwa hivyo mimi kila alfajiri navaa sweta ya kijani ya marehemu baba, mbili za geti mfuko wa kulia. Sifikirii hata. Ni kama vile wewe unavyojipapasa kama simu iko.

Haya, safari.

Kuna mashindano ya kulenga visahani, vile vya udongo vinarushwa hewani unavipiga. Nilianza kwa mchezo tu, kumbe mkono uko. Mwaka huu nikaalikwa yale makubwa, huko bara. Mwanamke wa kwanza kutoka huku kwetu, ati. Mume wangu, Mwadime, akasema hawezi kukosa, akaomba ruhusa shuleni. Tukakata tiketi pamoja ya ndege kutoka pwani. Kumbukeni hilo neno, pamoja.

Siku yenyewe tulitoka alfajiri. Gari la kukodi linangoja nje ya geti. Mimi na sweta yangu, mbili mfukoni, bunduki mkononi. Nikasikiliza. Kimya. Kulikuwa na kinyesi kibichi barabarani lakini wenyewe wameshapita. Nikafungua geti, tukatoka, nikatia bunduki kwenye sanduku lake gumu, nikafunga kufuli mbili. Risasi za mashindano zilikuwa hamsini, kwenye boksi lake, zimefungwa peke yake.

Zile mbili zikabaki kwenye sweta.

Naomba mnitukane sasa tumalize. Nimejitukana vya kutosha lakini ongezeni.

Uwanjani nilifanya kila kitu sawasawa, na nawaambia hili kwa faida ya wenye leseni. Ukifika tu langoni unasema una bunduki, usingoje wakugundue. Unapelekwa ofisi ya polisi wa uwanja. Wanaangalia leseni, wanasoma namba ya bunduki, wanahakikisha ni tupu, wanahesabu risasi, wanaandika kwenye kitabu, wanakupa fomu. Bunduki inaenda chini na mizigo. Ukifika unakokwenda, unaichukua ofisi ya polisi wa huko kwa fomu na leseni.

Aliyenihudumia alikuwa mzee mmoja mtu wa Taveta, mpole, mwenye miwani. Akahesabu risasi mara mbili.

"Hamsini. Zote ni hizi, mama?"

"Zote ni hizo, afande."

Nilimjibu nikimwangalia machoni. Na mfukoni ziko mbili.

Tukaenda kaunta. Yule msichana wa shirika alipoona ile fomu akapaza sauti kumwita mwenzake, "We, njoo, hapa kuna BUNDUKI!" Foleni nzima ikarudi nyuma. Kuna mama alimfunika mtoto wake na leso. Kazi yake ni mizigo na hajui bunduki inatajwa kwa sauti ya chini! Mwadime akawa anawaambia watu pole kama yeye ndiye amekosa. Huyo ndiye mume wangu, anaweza kumwomba radhi hata mlango akiugonga.

Halafu nikaona yule msichana amechukua kijikaratasi cha mzigo, ile risiti ya kuchukulia sanduku, amekibandika kwenye boarding pass ya Mwadime.

"Dada, sanduku ni langu."

"Ni sawa tu mama, si mko pamoja?"

Nikanyamaza. Mimi, mwenye mdomo huu, nikanyamaza, kwa sababu foleni ilikuwa inanitazama na nilichoka kuonekana jambazi. Hilo ndilo kosa langu la pili, na linaniuma kuliko la kwanza.

Tukafika kwenye mashine ya X-ray. Mwadime akatangulia. Nikaambiwa nivue sweta, nikaitia kwenye trei.

Mashine ikasimama.

"Mama, hii mfukoni ni nini?"

Nikajua hapo hapo.

"Ni mbili za geti," nikasema.

"Za nini?"

"Za ndovu."

Wueh! Ulimi wangu huu! Nimekulia kaunti ambayo kila mtu akisikia hivyo anaelewa. Lakini uwanja wa ndege, mwambie askari una risasi za ndovu uone. Nikawekwa pembeni, wawili mbele, mmoja nyuma. Mwadime yuko upande wa pili wa vioo anapunga mkono, anafikiri nimepoteza kitambulisho.

Akaitwa yule mzee wa Taveta. Alizichukua zile mbili akazilaza kwenye kiganja, akaniangalia.

"Mama, si nilikuuliza zote ni hizi?"

Afadhali angenipiga kofi. Nikamweleza mambo ya geti. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nakuamini. Hata kwetu wanatembea. Lakini ni lazima niandike." Na aliandika, haki ya Mungu, kila neno. Yeye sina kinyongo naye. Alifanya kazi yake.

Lakini kuandika kunachukua muda na ndege haingoji mtu. Nikamwita yule msichana wa kaunta. Nikamwambia, sikiza, mimi sisafiri na hii ndege, toeni bunduki yangu huko chini.

Akaangalia kompyuta. "Huo mzigo uko kwa jina la abiria ambaye ameshaingia ndani."

"Huyo ni mume wangu! Hana leseni! Bunduki ni yangu!"

"Basi si ni sawa tu? Mumeo atakupokelea."

Si ni sawa tu. Hayo maneno nikiyasikia mpaka leo nasaga meno.

Nilimpigia Mwadime kabla hawajafunga mlango. Nikamwambia neno kwa neno, "Baba Mghoi, usiguse hiyo bunduki. Ukifika, nenda kwa polisi wa uwanja, waambie ibaki kwao mpaka nije. Usiiguse." Mghoi ni kifungua mimba wetu.

"Sawa, mama Mghoi. Sitaigusa."

Niliruhusiwa kuondoka, nikapata ndege ya saa nane mchana. Zile mbili zilibaki na polisi, na maelezo yangu yakabaki kwenye faili. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu.

Nimeshuka nikapiga simu ya Mwadime. Imezimwa.

Nikaenda ofisi ya polisi ya uwanja. Kijana mmoja amekaa, miguu mbele, anatazama mpira kwenye simu. Nikamsalimia vizuri. Nikamwambia nimekuja kuchukua bunduki yangu.

"Ile ya asubuhi? Imeshachukuliwa na mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi."

"Hapana. Mwenyewe ni mwanaume."

Wakuu, hapo niliona giza. Nikatoa leseni nikaipiga mezani mpaka kalamu zikaruka. Akaiangalia picha. Akaniangalia mimi. Akaiangalia picha tena. Nimenuna kote kote, hawezi kukosea.

"Sasa mama, shida iko wapi? Si amechukua bwana yako? Ni sawa tu."

Shida iko wapi! Kumpa bunduki mtu asiye na leseni, na wewe ndiye polisi, halafu unauliza shida iko wapi! Nikamwambia afungue kitabu. Akafungua. Kwenye mstari wa mwenye bunduki kuna sahihi ya mume wangu, nzuri, ya mwalimu, imenyooka.

Mwadime alikuja kunieleza baadaye. Alienda pale kama nilivyomwambia. Alisema bunduki ni ya mke wake, naomba ikae hapa. Yule kijana akacheka. Akamwambia, "Mzee, bunduki ya mke? Risiti iko kwako, chukua mzigo wako, hapa si stoo." Hakuulizwa leseni. Hakuulizwa fomu, maana fomu niko nayo mimi! Akasukumiwa kitabu, akaweka sahihi.

Nikamuuliza, kwa nini ulikubali? Akasema, "Alikuwa na sare. Na nyuma yangu kulikuwa na watu."

Nilitaka kumrukia. Halafu nikakumbuka hata mimi nilinyamaza kwenye kaunta kwa sababu ya foleni. Nikameza.

Basi yeye akachukua teksi mpaka gesti. Getini mlinzi akafungua buti, akaona sanduku lina kikaratasi chekundu cha bunduki. Akauliza leseni. Mwadime akasema, "Leseni anayo mke wangu, yuko njiani." Huyo mlinzi, ambaye pengine hakumaliza hata kidato cha nne, ndiye mtu pekee siku nzima aliyeuliza swali la maana. Aliita polisi.

Gesti waliniambia amepelekwa kituoni. Nilimkuta mume wangu huko amekaa sakafuni bila viatu, bila mshipi. Pembeni kuna kile chombo cha kimanga nilichompakia nyumbani, mihogo na kunde, amewagawia waliomo ndani. Mwalimu wa hesabu, mzee wa kanisa, mtu ambaye hajawahi hata kushika manati. Aliponiona akasema, "Mama Mghoi, ulisema nisiiguse."

Nililia. Si kwa huzuni, ilikuwa hasira tupu, haikuwa na pa kutokea pengine.

Nililala kwenye benchi la kituo. Mashindano yalianza asubuhi saa tatu, jina langu likaitwa, nikiwa bado kwenye hilo benchi namngoja mkubwa wa kituo afike. Mchana wakamwachilia Mwadime kwa dhamana ya polisi. Bunduki wakaishika.

Wiki iliyofuata nikapata barua. Leseni yangu imesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Makosa ni mawili. La kwanza, kusafiri na risasi ambazo sikuzitaja. Hilo nakubali, ni langu, nimelibeba.

La pili, kuacha bunduki mikononi mwa mtu asiye na leseni.

MIMI ndiye niliyeacha! Nilikuwa mamia ya kilomita mbali, napiga kelele isitolewe! Na yule kijana wa miguu mbele ameandika kwamba Mwadime "alijitambulisha kama mwenye bunduki". Mwongo mkubwa. Bado yuko kazini na mpira wake. Wakili ameomba picha za kamera za ofisi ile. Tunaambiwa tungoje. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Bunduki sasa imeletwa, inalala kituo cha polisi Voi. Nikienda sokoni napita karibu nayo. Siwezi kuichukua.

Na ndovu wamejua. Sijui nani huwaambia. Kwanza walikuja watatu, wakala upande wa bondeni. Siku ya pili wakarudi na ukoo. Tuligonga masufuria mpaka mikono ikafa ganzi, na wao wanatutazama tu, wanatafuna. Mahindi yalikuwa yamebakisha wiki mbili kukomaa. Nusu ya shamba imelala chini.

Asubuhi hatufungui geti mpaka jua litoke kabisa. Navaa sweta ya baba, natia mkono mfuko wa kulia, natoka na vidole vitupu. Watoto wamebeba mabegi, wamesimama nyuma yangu, wanachelewa shule kila siku. Mwalimu mwenyewe anachelewa pia.

Nilichojifunza ni hiki. Nguo unayovaa na bunduki nyumbani, isivuke geti na wewe siku ya ndege. Iache msumarini. Na yule anayekuambia "ni sawa tu" huku anaandika jina lisilo lako, mshike mkono hapo hapo, foleni ikutazame mpaka ichoke. Aibu ya dakika mbili ni nafuu. Mimi niliikwepa na sasa nimekuwa mlinzi wa masufuria.

Kama kuna mwenye leseni iliyowahi kusimamishwa ikarudi, aniambie alipitia wapi. Na wale wa "mwanamke na bunduki wapi na wapi", karibuni pia, leo nina nguvu ya kuwajibu mmoja mmoja.

EDIT, kesho yake:

Asanteni kwa comments, nimesoma zote, hata za wajinga.

Leo asubuhi amekuja afisa wa kuandika hasara ya mazao. Kijana mstaarabu, ana fomu yake kwenye ubao. Tumezunguka naye shamba lote, mimi nikimwonyesha, yeye akihesabu mistari iliyolala. Tulipofika getini akamgeukia Mwadime.

"Lakini mzee, nasikia una bunduki hapa. Kwani bunduki yako iko wapi?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeshajaa.

Mwadime akanigusa mkono. Akasogea mpaka mbele ya yule afisa. Sijawahi kumsikia mume wangu akiongea kwa sauti hiyo, hata darasani.

"Sina bunduki. Bunduki ni ya mke wangu, huyu hapa." Akamtajia jina langu.

Yule afisa akatabasamu, akaanza kusema, "Si ni sawa tu mzee, nyinyi ni..."

"Si sawa," Mwadime akasema. "Andika."

Akasimama pale kando yake, mikono nyuma kama anasimamia mtihani, mpaka jina langu likaandikwa lote.